Mwambie Daktari "Pumzi Inakatika", Usiseme "Anakoroma" Tu

Hapa Tabora mtu akikoroma tunasema kachoka. Nami nilisema hivyo miaka mingi. Mume wangu ni dereva wa lori, leo Urambo kesho Nzega, nikajua ni uchovu wa barabara.

Usiku mmoja mvua iliacha kupiga bati, nikasikia koromo limekata. Kifua kinapanda na kushuka, lakini nilipoweka kiganja puani kwake, hewa haitoki. Nikatazama saa ya simu: sekunde 24. Mara akashtuka kama mtu aliyeibuka majini, akavuta pumzi kwa kishindo, akageuka, akakoroma tena. Ikawa hivyo mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi ananiambia, "Mama watoto, mbona nimelala vizuri tu?" Hakuwa anadanganya. Tukilala misuli ya koo hulegea, na kwa wengine njia ya hewa huziba kabisa. Oksijeni inashuka, ubongo unamgutusha kidogo apumue, naye hakumbuki chochote. Ikitokea mara 5 au zaidi kwa saa, vipimo huhesabu kuwa ni tatizo la pumzi kukatika usingizini (sleep apnea); kuanzia 30 ni kali.

Kituo cha kwanza tuliambiwa ni uzito, tukapewa vitamini. Kosa lilikuwa langu pia, nilisema "anakoroma" nikanyamaza. Safari ya pili nilimrekodi kwa simu, nikataja na mengine: kichwa kinamuuma akiamka, presha haishuki kwa dawa, anaamka kukojoa mara kwa mara, anasinzia hata akila. Daktari alisikiliza ile rekodi mara mbili, akatuandikia rufaa. Kipimo kilifanyika Dar es Salaam: unalala na kibanio kidoleni, mkanda kifuani na kimrija puani.

Alipewa mashine ya CPAP, aliyoibuni Colin Sullivan kule Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inasukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Haiponyi, inazuia, kwa hiyo ivaliwe kila usiku. Wiki ya kwanza aliivua usingizini, nami nikawa namvika tena. Ni ghali, na umeme ukikatika nayo inazima. Kwa tatizo dogo, kupunguza uzito, kuacha pombe na kulala ubavu huweza kutosha. Dawa za usingizi msiziguse bila daktari, zinalegeza koo zaidi.

Mtoto anayekoroma kila usiku mdomo wazi, nawasihi, msimpeleke akakatwe kimeo. Wembe ule huleta kuvuja damu na maambukizi, na chanzo kinabaki palepale. Mara nyingi ni tonsili au nyama za puani, mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Na kama mwenzako ni dereva, msisubiri mashine ndipo aache usukani, asije akasinzia barabarani. Sisi, tangu siku ya rufaa, lori liliendeshwa na utingo wake mwenye leseni, yeye akakaa kiti cha pembeni.