Vidoti vyekundu kwenye picha za usiku: sensa ya kamera yako haijafa, usitoe hela

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Moshi, nimeanza kujifunza kupiga taa za usiku kwa kuacha shata wazi muda mrefu. Juzi nilikuwa raundabauti ya Clock Tower, kamera kwenye stendi, sekunde 30, f/11 (kipimo cha tundu la lensi), ISO 800 (kiasi kamera inavyokuza mwanga) maana niliambiwa usiku lazima ISO ipande. Mistari ya magari imetoka ila taa zimekuwa nyeupe tupu, na nikizumu naona vidoti vingi vyekundu, bluu na vyeupe sehemu zenye giza. Mchana sivioni. Fundi mmoja kaniambia sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, imeungua kwa kuangalia taa muda mrefu, anataka laki tatu na nusu aibadilishe. Kamera nilinunua used. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kama kamera iko kwa huyo fundi nenda kaichukue leo leo, na kama bado unayo usiipeleke. Sensa haijaungua. Hili swali naletewa kila mara hapa Arusha, na karibu kila anayelileta ameshatajiwa bei ya sensa mpya, ndo maana nalijibu kwa urefu.

Hivyo vidoti ni pikseli moto (pikseli ni vile vijisehemu vidogo vya sensa vinavyopokea mwanga), na kila kamera ya kidijitali inazo, hata iliyotoka kwenye boksi jana. Kila pikseli inavuja umeme kidogo hata kama hakuna mwanga wowote unaoingia, na zipo zinazovuja kuliko wenzake, nyingine tangu kiwandani na nyingine kwa umri. Sasa mchana unapiga kwa 1/250 ya sekunde, huo mvujo haupati hata muda wa kuonekana, ila ukiacha shata wazi sekunde 30 unajikusanya mpaka pikseli inatokea kama imepigwa na taa kumbe haikupigwa na kitu. Rangi inatoka nyekundu, bluu au kijani kwa sababu mbele ya kila pikseli kuna kichujio cha rangi moja. Basi, hiyo ndo siri yote ya vidoti vyako.

Kinachoviongeza ni joto. Mvujo unakaribia kuwa mara mbili kila sensa ikipanda nyuzi 6 mpaka 8 hivi za Selsiasi, kwa hiyo kamera ileile ukipiga nayo Moshi mwezi wa pili, zile usiku ambazo hata feni haisaidii, vidoti vitakuwa vingi kuliko ukipiga huku Arusha mwezi wa saba watu wamevaa makoti. Na ukiacha skrini inaonyesha picha muda wote wakati unasubiri magari, sensa inafanya kazi na inachemka, izime katikati ya picha na picha. Halafu hiyo ISO 800 imevikuza vidoti pamoja na chenga zote zilizokuwepo.

Hili la taa kuunguza sensa ndo linaniudhi kupita yote maana anayelisema anajua unamwamini. Hebu fikiria, lensi ya milimita 18 ukiiweka f/11 lile tundu linalopitisha mwanga halifiki hata milimita mbili. Taa za barabarani na za daladala zinapita hapo, tena za magari zinahama, hazitui sehemu moja. Kitu cha kuunguza sensa ni jua ukilielekezea lensi ya kuvuta muda mrefu, na leza. Ndiyo, zile leza za disko kwenye kumbi za harusi, hizo ziogope kweli, mwale mmoja ukiingia moja kwa moja kwenye lensi unaacha alama au mstari ambao hautoki tena, na utauona mchana, usiku, kwenye kila picha na kwenye video. Wapiga harusi wengi wanahangaika kuzikwepa taa za kawaida na leza hawaziogopi kabisa.

Ukitaka kuhakikisha bila kumlipa mtu, leo usiku fanya hivi. Funika lensi na kifuniko chake, ingia chumba chenye giza, funika na kile kijidirisha cha kuchungulia kama kamera yako ni ya kioo ndani (DSLR). Piga sekunde 30 kwa ISO 100, halafu piga nyingine 1/60 ya sekunde kwa ISO hiyohiyo. Zifungue kwenye kompyuta uzumu mpaka asilimia 100. Ile ya sekunde 30 itakuwa na vidoti, vikali, kila kimoja kimekaa palepale ukirudia, na ile ya 1/60 itakuwa nyeusi safi. Ikiwa hivyo kamera ni nzima. Hata vikiwa mia mbili, kwenye sensa ya pikseli milioni 24 hiyo si kitu. Kama kuna kidoti kinabaki hata kwenye 1/60 hiyo ni pikseli iliyoganda, na bado si habari ya kubadilisha sensa, Olympus na Sony nyingi za karibuni zina sehemu kwenye menyu imeandikwa Pixel Mapping, unabonyeza kamera yenyewe inazitambua na kuzifunika. Kamera isiyo na hiyo sehemu ndo inapelekwa kwa wakala wa kampuni husika.

Usichanganye na mambo mengine mawili. Vumbi la kwenye sensa linatoka kama doa jeusi lenye ukungu, utaliona mchana kwenye anga ukifunga f/16, halina rangi. Na ukiona madoa ya kijani au duara hafifu yaliyokaa upande wa pili wa taa, yaani taa iko juu kushoto na doa liko chini kulia, huo ni mwanga unaogonga kile kioo cha bei rahisi ulichofunga mbele ya lensi eti kuilinda. Kitoe usiku, yanaisha au yanapungua sana.

Kwenye menyu tafuta Long Exposure Noise Reduction uiwashe. Ukimaliza kupiga sekunde 30, kamera inafunga shata na kupiga picha nyingine ya giza sekunde 30 zilezile, inaona vidoti viko wapi, inaviondoa kwenye picha yako. Hapo ndo watu wanapochomoa betri wakidhani kamera imeganda! Haijaganda, iache imalize. Piga RAW pia, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, maana programu kama Lightroom inafuta vingi yenyewe ukiifungua tu hiyo faili.

Kuhusu taa kuwa nyeupe tupu, aliyekwambia usiku ISO ipande alikuwa anaongelea mtu anayepiga kwa mkono. Wewe una stendi, muda ndo unaokusanya mwanga. Rudi palepale na ISO 100, f/8, sekunde 15, mwanga unapungua mara nane na rangi za taa zitarudi, na kwa kuwa umepunguza muda hata vidoti vitapungua. Magari yakiwa machache ongeza muda kidogo. Weka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise, na kama lensi ina kituliza mtikisiko kizime ikiwa kwenye stendi.

Sasa nirudi kwa mafundi, maana wewe umeuliza kabla hujalipa na wengi wanauliza baada. Sensa haibadilishwi kwenye meza yenye taa ya kuchomelea. Ikirudishwa imekaa upande hata kwa kiasi cha unywele, nusu ya picha inakuwa kali na nusu ina ukungu, na kuinyoosha kunataka vifaa ambavyo kibanda hakina. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba haibadilishwi kabisa, inafunguliwa, inafutwa na spiriti na kitambaa, au inapulizwa na kompresa ya kujazia matairi, hewa ina mafuta na unyevu, unarudishiwa kamera na maneno mengi. Unapiga mchana vidoti havipo, unafurahi, wakati mchana havikuwepo tangu mwanzo! Siku ukienda tena usiku vipo, na safari hii kioo cha mbele ya sensa kina mikwaruzo ambayo hakuna programu ya kuifuta. Hapo ndo kamera inakuwa mbovu kweli, na laki tatu na nusu imeshaliwa.

Na nyie mnaonunua used, mwambie muuzaji awashe kamera mbele yako, lensi ikiwa imefunikwa, sekunde 30 na 1/60 kama nilivyoeleza, halafu upige ukuta mweupe kwa f/16. Vidoti vichache kwenye ya sekunde 30 visikutishe na wala visiwe sababu ya kulalia bei. Mistari, mabaka au mikwaruzo kwenye ukuta mweupe, iache hapohapo dukani.