Maswali ya maabara: g ya 10.8 na nukta za jenereta

SWALI: Shikamooni. Kwenye praktiko ya pendulamu nilitumia urefu wa sm 40, 60, 80 na 100, nikapima muda wa mibembeo 20 kila mara. Kwa sm 100 nilipata sekunde 38.4. Nikachora grafu ya T² (T ni muda wa mbembeo mmoja) dhidi ya L, yaani urefu, kwa mita: mteremko 3.64, na g, mchapuko wa kitu kinachoanguka (4π² gawa kwa mteremko), ikatoka 10.8457. Tena mstari haupiti kwenye sifuri, unakata mhimili wa T² kwenye 0.04. Wenzangu wanasema niulazimishe upite. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa kidato cha nne, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba. Usiulazimishe hata kidogo. Hiyo 0.04 ndiyo inayosema kosa lako moja liko wapi. Ukiifuta umefuta ushahidi.

Gawa 0.04 kwa 3.64, unapata mita 0.011, yaani sm 1.1. Sasa chukua venia kalipa, kile kipimio cha vipenyo, upime gololi yako. Kama kipenyo chake ni kama sm 2, basi ulipima uzi ukaishia kwenye fundo, juu ya gololi. Urefu wa pendulamu unaanzia pale uzi unapobanwa hadi katikati ya gololi. Kosa hili lilikuwa lilelile kwenye urefu wote, kwa hiyo limeuhamisha mstari mzima bila kugusa mteremko. Ndiyo maana silo lililoiharibu g.

Mteremko umeharibiwa na kitu kingine, na tunashuku kuhesabu. Ukianza saa huku ukisema "moja", ukifika "ishirini" gololi imebembea mara 19 tu. Kila muda unapungua kwa sehemu moja ya ishirini, T² inapungua karibu asilimia 10, na g inapanda kwa kiasi kama hicho. Anza na "sifuri". Rudia sm 100 peke yake, uzi ukiwa vilevile: ukipata karibu sekunde 40.4, mshukiwa amepatikana, na urefu mwingine wote urudiwe. Usizidishe namba za zamani kwa 20/19 ukaishia hapo. Huko ni kukisia, si kupima.

Unaporudia, bana uzi kati ya vipande viwili vya kizibo. Ukiufunga kwenye msumari, sehemu ya kuning'inia huhama na urefu hubadilika katikati ya mbembeo. Iachie gololi kutoka pembe isiyozidi nyuzi 10. Ukifika nyuzi 30, T inaongezeka karibu asilimia 1.7. Anza na kusimamisha saa gololi inapopita katikati, mbele ya alama ya chaki, maana pale inakwenda kasi na huna shaka imepita lini. Mwishoni mwa mbembeo inasitasita, nawe unasitasita nayo. Na funga madirisha ya upande wa bahari: gololi ikianza kuzunguka badala ya kwenda na kurudi, acha, anza upya.

Sasa tarakimu zako. Kidole kwenye saa hukosea kama sekunde 0.2. Kwenye sekunde 40 hiyo ni asilimia 0.5, na kwa kuwa T imepigwa kipeo cha pili, kwenye g inakuwa asilimia 1. Milimita moja ya rula kwenye mita ni asilimia 0.1 tu. Jumla asilimia 1.1: andika 9.8 ± 0.1 m/s², si namba yote ya kikokotoo. Thamani halisi hapa Tanga, karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, ni 9.78, London ni 9.81. Kwa saa ya mkononi huwezi kuzitofautisha, basi usijisumbue.

SWALI: Umeme ulikatika, tukaendesha tika-taima (kifaa kinachogonga nukta kwenye utepe wa karatasi unaovutwa na kitoroli) kwa jenereta. Mchapuko wa kitoroli ulizidi ule wa wiki iliyopita, ubao na uzito vilevile. Kwa nini?
Mwalimu, Pongwe, Tanga

JIBU: Mwalimu, tika-taima haina saa yake, inafuata umeme. Umeme wa gridi ni Hz 50, yaani mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo nukta mbili zinatengana kwa sekunde 0.02. Jenereta ikilemewa ikashuka hadi Hz 48, nafasi inakuwa sekunde 0.0208 wakati wanafunzi bado wanakokotoa kwa 0.02. Mchapuko unagawanywa kwa muda kipeo cha pili, hivyo unazidi kwa karibu asilimia 8.5. Pima kwa multimita yenye kipimo cha Hz, tika-taima ikiwa inafanya kazi, kisha mtumie nafasi halisi. Kuhesabu nukta kwa saa ya mkononi kwa sekunde 5 hakutoshi: kidole peke yake kinakosea asilimia 4, sawasawa na kosa mnalolitafuta.

Jambo jingine tunaloliona kwenye madaftari mengi. Vipande vya utepe vya nafasi tano tano vikiwa na urefu wa sm 2.4, 3.2, 4.0, 4.9 na 5.6, wanafunzi hutafuta tofauti nne kisha wastani. Lakini ukizijumlisha, vya katikati vinafutana, inabaki 5.6 toa 2.4. Vipimo vitatu vimepotea bure. Wachore grafu ya kasi dhidi ya muda, mstari upite kati ya nukta zote tano, wachukue mteremko wake.