Jibu: Mashine mpya ya kurekodi umeme wa moyo hupimwaje?

Ndugu, umeuliza kama madaktari huijaribu mashine mpya moja kwa moja kwa mgonjwa. Hapana, mgonjwa huja mwisho. Mashine ya PURE EP ya Marekani, kwa mfano, ilijaribiwa kwanza kwa wanyama kule hospitali ya Mayo Clinic, ikapata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya huko, mwaka 2018, ndipo ikaanza kutumika kwa watu.

Kazi ngumu ni kelele, yaani umeme usiotakiwa unaojipenyeza kwenye rekodi. Wimbi la kifungu cha His, njia ndogo inayopitisha umeme ndani ya moyo, kwa kawaida halifiki hata milivolti 1, na chumba kimejaa mitambo inayoingiza umeme wa ukutani, hezi 60 kule, 50 kwetu. Ukiweka kichujio kikali, mstari unapendeza machoni, ila kale kamwinuko ulikokuwa unakatafuta kanafutika, au vinazuka vijiwimbi vya uongo. Mimi mstari msafi mno huutilia shaka.

Kwa hiyo mashine mpya huunganishwa sambamba na ya zamani, katheta (mrija mwembamba wenye vinasa umeme unaoingizwa moyoni) ileile, mpigo uleule. Kisha madaktari wasioambiwa picha ipi imetoka wapi huzilinganisha. Waangalie hasa wakati msuli wa moyo unaunguzwa kwa mawimbi ya redio ili kutibu mapigo yasiyo sawa; hapo ndipo mashine dhaifu huumbuka.