Mpiga picha wa kujifungua, Mbeya

Dada, hongera sana kwa ujauzito. Umeniuliza nani akupige picha siku ya kujifungua. Huyo kijana wa picha za harusi wa Mwanjelwa unayemfikiria, muulize kwanza: uchungu ukianza saa nane usiku, na baridi hii ya Julai, atakuja? Ila kabla hujamlipa hata advansi, nenda pale Meta, hospitali ya wazazi, ukaongee na muuguzi mkuu wa leba. Ruhusa ni yao, na kuna akina mama wengine humo ambao hawajaomba kupigwa picha. Mimi ningemchukua mwanamke. Akuoneshe picha alizopiga kwenye mwanga hafifu bila flashi. Wakimkatalia kuingia, aje nyumbani mkisharuhusiwa, akupige dirishani na mtoto kwenye blanketi, bibi yake pembeni. Na mwandikishiane: hakuna kurusha Instagram bila ridhaa yako.