Chumba chenye joto na giza: anza na dirisha

Dada, nimekuelewa: chumba chako cha mabati hapo Nyalenda kina joto na giza, na tangu uhamie Kisumu hulali vizuri wala huna hamu ya kukaa ndani. Pole sana. Niliwahi kuishi katika chumba kama hicho, na kilichonisaidia kwanza hakikuwa kununua kitu, bali kuondoa kabati lililokuwa limeziba nusu ya dirisha. Jioni ile ile niliweza kusoma bila kuwasha taa. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani, kwa hiyo fungua dirisha pamoja na mlango ili hewa ipite, lakini weka wavu, kwa kuwa mbu wa malaria ni wengi kwetu. Dirisha linalotazama magharibi litundikie pazia zito la rangi nyeupe kuanzia saa saba mchana. Dari chini ya mabati hupunguza joto sana, ila zungumza na mwenye nyumba kabla ya kupigilia msumari wowote. Tafadhali usiwashe jiko la makaa ukiwa umejifungia ndani, maana hewa yake ya sumu haina harufu na huua. Usingizi ukiendelea kukosekana kwa wiki kadhaa, au huzuni ikizidi, nenda ukamwone daktari.