Mama yuko Chennai: sari ya mkono ataitambuaje?

Dada, umeuliza mama yako, aliyeko Chennai kwa matibabu, ataitambuaje sari iliyofumwa kwa mkono. Nilisoma katika mji huo, na likizo nyingi nilizitumia Kanchipuram, mwendo wa kilomita sabini hivi, nikiwatazama mafundi kazini. Ushauri wangu ni kwamba asidanganywe na mng'ao wa zari, yaani nyuzi za rangi ya dhahabu au fedha, bali aigeuze sari na kuichunguza upande wa ndani.

Sari halisi ya Kanchipuram ni ya hariri, na aina inayosifiwa zaidi ina mji, yaani sehemu ya kati, wa rangi moja na pindo la rangi nyingine kabisa. Ili rangi hizo zisichanganyike, pindo hupewa uzi wake wenyewe wa mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana, nao hupishana na ule wa mji kwenye mpaka, mstari baada ya mstari. Ndiyo maana fundi huhitaji msaidizi kando yake, na kazi huenda polepole mno. Mbinu hiyo huitwa korvai. Mshindio mmoja ukivuka sari nzima, kama ilivyo katika nyingi za bei nafuu, rangi ya mji huingia ndani ya pindo na kulififisha. Mama akilitazama kwenye mwanga wa jua ataliona hilo mara moja. Vitundu vidogo vya pini kwenye kingo, ambavyo wauzaji hupenda kuvionyesha, mimi huvihesabu kuwa dalili tu ya kazi ya mkono, si uthibitisho.

Kwa sari za Banaras, mji wa kaskazini mwa India, kipimo ni kingine. Katika mbinu iitwayo kadhwa kila ua hufumwa peke yake, hivyo nyuma hubaki safi. Zipo pia ambazo uzi wa ua hupita upana wote, kisha nyuzi za ziada hukatwa; hizo nazo zaweza kuwa za mkono, kwa hiyo asizikatae kwa sababu ya ncha zilizokatwa.

Akionyeshwa patola, sari ya hariri ambayo nyuzi zake hutiwa rangi ya mapambo kabla ya kufumwa, awe mwangalifu zaidi. Ile ya Patan, Gujarat, hufungwa na kutiwa rangi katika mtande (nyuzi za urefu) na mshindio kabla ya kufumwa, na nyuzi hizo hupangwa zikutane mahali pake hasa, kazi inayochukua miezi. Pande zake mbili hufanana, na bei yake ni ya kutisha. Ya Rajkot kwa kawaida hutiwa rangi kwenye mshindio pekee. Ni nzuri na ya haki, ila isiuzwe kwa jina la Patan.

Kuhusu lebo za India, Silk Mark huthibitisha hariri tu, hata kama kitambaa kimetoka kwenye mashine ya umeme. Inayohusu ufumaji wa mkono ni Handloom Mark, iliyoanzishwa mwaka 2006. Na kama sari ni ya kuvaliwa mchana katika joto la Dar, mimi ningemwomba mama aiache hariri, atafute jamdani ya pamba, kitambaa chepesi chenye maua yaliyofumwa ndani yake, kutoka Bengal.