Diski zisipoonekana kwenye Ceph: chunguza kuanzia chini kabla ya kufuta

Nilipounda klasta (kundi la seva zinazofanya kazi kama moja) yangu ya kwanza ya Ceph, programu inayohifadhi data kwenye diski za seva nyingi kwa pamoja, nilikuwa na seva tatu, kila moja ikiwa na diski nne za kuhifadhia data mbali na diski ya mfumo. Niliandika amri `ceph orch device ls` nikitarajia kuona diski 12 zilizo tayari, nikakuta nne tu. Seva mbili kati ya hizo zilikuwa zimetumika kwa kazi nyingine kabla ya kunifikia, jambo ambalo sikulitilia maanani, na kwa sababu hiyo nilipoteza siku mbili nikikagua mtandao na kusakinisha programu upya ilhali kasoro ilikuwa kwenye diski zenyewe.

Nashauri uanze kwa kutenganisha maswali mawili: je, Linux yenyewe inaiona diski? Na ikiwa inaiona, kwa nini Ceph inaikataa? Swali la kwanza hujibiwa kwa amri `lsblk`, inayoorodhesha diski ambazo Linux inaziona. Katika seva yangu ya tatu, amri hiyo ilionyesha diski moja kubwa badala ya diski nne, kwa kuwa kidhibiti cha RAID (kifaa kinachounganisha diski kadhaa zionekane kama moja) kilikuwa kimeziunganisha. Ceph hufanya kazi vizuri zaidi inapokabidhiwa kila diski peke yake, hivyo niliwasha seva upya, nikaingia kwenye mipangilio ya kidhibiti na kuvunja muungano huo, kisha nikakiweka katika hali ya HBA ili kiziachie diski zipite moja kwa moja. Hatua hiyo hupoteza data iliyokuwemo, kwa hiyo ichukue tu ukiwa na hakika kwamba hakuna anayeihitaji.

Seva ya pili ilikuwa na tatizo la aina nyingine. `lsblk` ilizionyesha diski zote nne, lakini Ceph haikukubali hata moja. Ukiongeza `--wide` kwenye amri ile ya mwanzo, `ceph orch device ls`, utaona safu inayoeleza sababu ya kila diski kukataliwa: kwangu mbili zilikuwa na LVM (mfumo wa Linux wa kugawa nafasi ya diski), moja ilikuwa na mfumo wa mafaili, na ya nne ilikuwa na alama za GPT (jedwali linaloonyesha diski imegawanywaje). Ceph huhitaji diski isiyo na patisheni (sehemu zilizogawanywa), LVM, mfumo wa mafaili wala mabaki ya klasta nyingine ya Ceph, na isiyopungua GB 5. Mwanzoni masharti hayo yaliniudhi, lakini sasa nayathamini, kwa sababu programu haina namna ya kujua kama data iliyomo bado ina mwenyewe.

Kabla ya kufuta chochote, linganisha namba za utambulisho wa diski. Jina kama `/dev/sdb` linaweza kuhamia diski nyingine seva inapowashwa upya, na diski zangu zote zilikuwa na ukubwa uleule. Nilitumia `lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL,FSTYPE`, nikaandika namba ya kila diski kwenye kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi na kukibandika mbele ya seva, mbele ya diski husika. Ilinichukua dakika kumi, nami sijawahi kuiacha hatua hiyo tangu wakati huo.

Kufuta kwenyewe hufanywa kwa `ceph orch device zap`, ikifuatwa na jina la seva, njia ya diski na `--force`. Usitegemee kuandika sifuri mwanzoni mwa diski tu kama nilivyofanya mimi: GPT huweka nakala yake ya pili mwishoni kabisa mwa diski, na ile ya kwangu ilibaki palepale. Ukiandika `wipefs` na njia ya diski bila kiambatisho kingine chochote, itakuorodheshea alama zilizosalia pasipo kuzigusa.

Ikiwa diski ni safi na bado haionekani, ongeza `--refresh` kwenye `ceph orch device ls`, maana orodha unayosoma huenda ni ile iliyohifadhiwa awali.

Mwisho, kama uliwahi kuamuru Ceph itumie diski zote zilizo huru kwa `--all-available-devices`, kumbuka kwamba agizo hilo huendelea kufanya kazi, na diski utakayoisafisha itachukuliwa papo hapo kuwa OSD, yaani sehemu ya hifadhi ya Ceph. Rudia agizo hilo ukiliongezea `--unmanaged=true` kabla ya kusafisha, ili uamue mwenyewe ni diski ipi iingie na lini.